Chura wa Hekta Mbili

Ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi ulikuwa umeshaanza pale watafiti walipokuta, mwaka 1996, chura ambaye sayansi haikuwa na habari zake. Ni mdogo, wa rangi ya dhahabu. Jike lake halifiki sentimita 3. Mwaka 1999 Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wakamwandika rasmi kwa jina la Nectophrynoides asperginis. Duniani kote alikuwa na makao mamoja tu: korongo la Mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, kwenye eneo la hekta 2 hivi lililoloweshwa usiku na mchana na rasharasha za maporomoko.

Vyura wengi hutaga majini, mayai yakaanguliwa viluwiluwi. Huyu huzaa. Watoto hukua tumboni mwa mama hadi watoke wakiwa vyura kamili, na ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba hata wanaonekana wakiwa ndani. Ndugu zake wa milima ya Tao la Mashariki nao huzaa hivyo, lakini yeye maisha yake yote aliyafunga kwenye ubaridi na unyevu wa mahali pamoja. Pakikauka hapo, hana pa kuhamia.

Na palikauka. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, takriban asilimia 90 ya maji yaliingizwa handakini. Siwalaumu walioutaka umeme. Nchi ilikuwa imechoshwa na mgawo. Kinachoniuma ni kwamba mkopo ulishapatikana na miamba ilishachorongwa ndipo korongo likachunguzwa kwa makini.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi Bustani ya Wanyama ya Bronx, New York. Wengi walikufa kabla walezi hawajajua mwanga, chakula na unyevu unaowafaa. Baadaye bustani ya Toledo nayo ikafanikiwa kuwazalisha. Huku korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na vyura wakaongezeka hadi maelfu. Kisha, mwaka 2003, wakatoweka ndani ya miezi michache. Kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura, alikutwa kwenye mizoga. Wengine wakashuku viuatilifu vilivyokuwa kwenye tope lililofunguliwa kutoka bwawani. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena.

Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Dar es Salaam, wakalelewa chuo kikuu. Mwaka 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi: mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao. Wanarudi kwenye korongo lenye kuvu yuleyule na maji ya kupimiwa, na uhai wao bado unategemea mabomba yale kutozibwa na mchanga.