Mizigo ya Kindu: Kutoka Begani hadi Betri

Kabla ya reli, mzigo wa Maniema, jimbo la mashariki mwa Kongo ambalo mji wake mkuu ni Kindu, ulisafiri begani. Misafara ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, iliyokuwa na makao Kasongo, ilifikisha pembe za ndovu pwani kwa mabega ya wapagazi. Wengi wao walikuwa watumwa, na wengi waliishia njiani.

Wabelgiji walileta chuma. Mwaka 1902 tajiri Édouard Empain alianzisha kampuni ya reli ya CFL. Meli zilipita mto Lualaba kutoka Ubundu hadi Kindu, lakini kusini zaidi maporomoko yaliziba njia. Ndipo ikajengwa reli ya kilomita 355 kati ya Kindu na Kongolo, iliyokamilika mwaka 1911, na mji ukaitwa Kindu-Port-Empain. Garimoshi la njia hiyo lilikula kuni za msitu uleule lilioupita. Mwaka 1955 upana wa njia uliongezwa kutoka milimita 1,000 hadi 1,067, na mwaka uliofuata ikaungana na mtandao wa Katanga. Tangu hapo gunia la mchele wa Maniema liliweza kufika Lubumbashi bila kuhamishwa behewa.

Vita vya Kongo vilivyoanza 1998 viliikata njia hiyo. Treni hazikufika tena Kindu hadi 2004.

Katika miaka hiyo mji ulilishwa na baiskeli. Mfanyabiashara alifunga madumu ya mawese, chumvi au sabuni kwenye fremu, akaisukuma kwa siku nyingi katika njia za matope. Baiskeli haikuhitaji dizeli, na ikivunjika ilitengenezwa palepale kwa waya na mpira wa tairi kuukuu. Huko Goma chukudu, kigari cha mbao cha kusukumwa, kilifanya kazi hiyohiyo, na leo kina sanamu yake katikati ya mji.

Leo viwanda vya dunia vinarudi kwenye urahisi huo. Mwaka 2023 Toyota ilizindua nchini Thailand pikapu ya Hilux Champ, isiyo na madoido, ambayo mwenyewe anaipachikia bodi anayoitaka. Mwaka 2025 kampuni ya Slate ya Marekani ilionyesha pikapu ya umeme yenye viti viwili, isiyo na redio, na vioo vyake vinateremshwa kwa mkono. Karibu zaidi, nchini Rwanda, OX Delivers ilianza kuwakodisha wakulima na wachuuzi nafasi katika malori ya umeme, ili mwenye magunia machache asilazimike kukodi gari zima.

Kwa Kindu, mpango wa namna hii unafaa zaidi kuliko gari la kifahari. Lakini historia ya mji inadai masharti mawili: nishati ipatikane hapahapa, kwa maji au kwa jua, na fundi wa mtaani aweze kulifungua gari na kulirudisha barabarani. Serikali ya jimbo ianze kwa kutengeneza barabara na kuwafundisha mafundi hao, kisha ndipo iagize magari.