Ekwar: Tarehe ya Miti Yenye Wenyewe

Mji wa Lodwar, katika Kaunti ya Turkana nchini Kenya, hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, na ipo miaka isiyofika hapo. Hata hivyo, kando ya Mto Turkwel, unaoanzia Mlima Elgon kwa jina la Suam, ukapita nchi ya Wapokot na kuishia Ziwa Turkana, umesimama ukanda wa miti mirefu yenye kivuli kizito: migunga, mikoma, mikunazi, miswaki. Mgeni akiuona hudhani ni pori la Mungu, kila mtu ajichumie. Sivyo. Miti hiyo ina wenyewe, nao wanajuana.

Kipande cha miti ya mtoni kinachoshikwa na familia moja huitwa ekwar. Huanzia ukingoni mwa maji na kurudi nyuma kuelekea nyika. Hakina ua wala seng'enge, lakini jirani anajua kinapoishia cha kwake na kinapoanzia cha mwenzake. Mwenye boma hukirithi kwa baba yake na kuwarithisha wanawe. Haki kubwa iliyomo ni malisho ya kiangazi, yaani majani na maganda ya mbegu wakati ambapo nyasi zimekwisha. Zikifuata haki hiyo, zipo za matunda ya kula, miti ya kujengea na makuti. Mpita njia hakatazwi kivuli wala maji. Anayetaka kulisha mbuzi wake humo sharti aombe, na akijitwalia bila kuomba, shauri hupelekwa kwa wazee chini ya mti wa wanaume, wanapokaa kuamua mambo.

Haki hiyo si hati ya milele. Familia ikihama na kukaa mbali miaka mingi bila kuitumia miti yake, wengine huingia, na ikirudi itabidi ijieleze mbele ya wazee. Kinachoshikilia ekwar ni kukaa na kutunza. Nayo haina nguvu sawa kila mahali: kando ya mito mikubwa yenye miti mingi, kama Turkwel, sheria hii ni kali, lakini kwenye laga ndogo za nyikani, yaani mito ya msimu, hulegea, kwa kuwa hakuna mtu anayekaa huko muda mrefu.

Mkulima wa zabibu wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na mizabibu yake aliipanda mwenyewe. Mwenye ekwar hakupanda hata mti mmoja, lakini anajua kila mmoja unatoa nini na lini, na kalenda yake ina kazi nyingi kuliko anavyodhani anayeitazama nchi hii kutoka dirisha la gari.

Tuanze na akamu, kiangazi. Vijana huwa wameondoka na ng'ombe na ngamia kuelekea milimani na mipakani, wakifuata majani. Mtoni hubaki wazee, wanawake wenye watoto wadogo, mbuzi wa maziwa na wanyama dhaifu wasioweza safari. Hao ndio ambao ekwar iliwekwa kwa ajili yao. Mgunga ambao Waturkana huuita ewoi huanza kudondosha maganda yake yaliyojikunja kama vipuli, yaitwayo ngitit. Mchungaji huingia chini ya mti na ufito mrefu wenye ndoana kichwani, akatingisha matawi moja baada ya jingine. Mbuzi wakisikia mlio ule huja mbio kutoka kila upande. Anayejua kazi yake hatikisi mti wote kwa siku moja. Hutikisa tawi hili leo na lile kesho, maana kiangazi ni kirefu na hakuna ajuaye mvua itakawia kiasi gani. Kukata tawi zima ili mbuzi wale haraka ni kuila akiba ya mwaka ujao, na mwenye ekwar akikuta tawi lililokatwa huuliza kwa hasira aliyefanya hivyo ni nani.

Maganda yakizidi mahitaji, wanawake huyaokota, wakayatia magunia na kuyaweka akiba, au wakayapeleka kuuza Lodwar, ambako wenye mbuzi wa mjini hawana miti. Kwa hiyo ewoi mmoja waweza kulisha mbuzi wa boma na kununua unga wa boma hilohilo.

Pembeni mwa ewoi husimama mgunga mwingine mkubwa zaidi, edurukoit, ambao maumbile yake yamegeuzwa. Mvua ikinyesha hupukutisha majani, jua likiwaka huchanua. Wakati nchi nzima imekuwa kijivu, huo ndio wa kijani. Familia yenye edurukoit kadhaa katika ekwar yake ina bahati ambayo majirani huitaja.

Halafu kuna mkoma, eeng'ol. Sidhani kama upo mti wenye kazi nyingi kuliko huu katika Turkana yote. Nyama ya tunda lake, kavu na tamu kidogo, hutafunwa na watoto siku nzima au hutwangwa ikaliwa na wakubwa. Makuti huezeka nyumba. Makuti machanga husukwa vikapu na mikeka, kazi ya wanawake, na vikapu hivyo vya Turkana huuzwa Lodwar, Kalokol na mbali zaidi. Hapa pia ipo adabu: hauchukuliwi moyo wa mti. Msusi hukata jani moja au mawili, akaenda kwa mti mwingine. Siku hizi, soko la vikapu linapokuwa jema na wasusi wakawa wengi, adabu hiyo huvunjwa, na mikoma iliyokatwa hadi kileleni inaonekana kwa macho karibu na mji.

Matunda madogo ni hesabu nyingine. Mkunazi hutoa kunazi zinazokaushwa na kuwekwa. Edome ina matunda ya rangi ya chungwa yanayonata. Edung si ya kuchezea: tunda lake hutiwa maji, likachemshwa, maji yakamwagwa, likachemshwa tena na tena mpaka uchungu uishe. Ni chakula cha miaka mibaya, na mama anayejua kukipika ameokoa watoto wengi kuliko ghala la misaada lililo mbali.

Akiporo, majira ya mvua, huja kwa kawaida kuanzia Aprili, ikipenda kuja. Mifugo hurudi, maziwa huwa mengi, ndoa hufungwa. Miti hupumzishwa kwa sababu nyasi zipo. Turkwel hufurika na kuacha tope lenye rutuba kingoni, na hapo wanawake hupanda mtama katika vishamba ambavyo ni mali yao, si ya waume zao. Mambo haya mawili, mtama wa mke na miti ya boma, hukaa mahali pamoja bila kugombana.

Liko jambo moja ambalo wazee walilijua kabla ya wataalamu. Mbuzi anapokula ngitit, mbegu ngumu hupita tumboni mwake bila kufa, ikatua zizini pamoja na samadi. Boma likihama na mvua ikinyesha, zizi lile lililoachwa huota miche ya ewoi. Watafiti Robin Reid na James Ellis walilithibitisha kusini mwa Turkana katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 1995: mazizi ya zamani yalikuwa vitalu vya miti. Kwa miaka mingi maofisa walifundishwa shuleni kwamba mbuzi ni adui wa miti. Hapa mbuzi ndiye aliyeipanda.

Sasa tuje kwenye yaliyoipata miti hii.

Waingereza walimaliza kuwavunja nguvu Waturkana mwaka 1918, wakachukua mifugo mingi, kisha wakaiacha nchi ikiwa imefungwa kwa vibali. Lodwar ilikua kama kituo cha serikali na maduka machache ya wafanyabiashara. Wakenya wengi huikumbuka kwa kuwa Jomo Kenyatta aliletwa hapo mwaka 1959 alipomaliza kifungo chake cha Lokitaung. Serikali hiyo haikuijali ekwar, na kutojali huko kuliiacha salama.

Madhara yalianza na nia njema. Katika miaka ya 1960 na 1970 zilifunguliwa skimu za umwagiliaji kando ya Turkwel, Katilu ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi. Ardhi nzuri ya kumwagilia ndiyo hiyohiyo yenye miti. Msitu ulifyekwa ili mahindi yapandwe, na ekwar zilizokuwa humo zilifutika bila kutajwa katika mpango wowote wa mradi.

Kisha ukaja ukame na maradhi ya mifugo ya mwaka 1979 hadi 1981, ambao Waturkana huuita Lopiar. Maelfu ya watu waliobaki bila mnyama walikusanyika kwenye kambi za chakula, na kambi zikahitaji kuni. Katika miradi ya kurekebisha nchi iliyofuata, mti wa kigeni kutoka Amerika, ambao Wakenya huuita mathenge, ulipandwa kwa sababu huota popote na hauliwi majani. Ulitii mno. Ulishuka mtoni, ukajaza kingo za Turkwel, ukaziba njia za mifugo na kuinyima nafasi miche ya ewoi. Maganda yake ni matamu, lakini sukari yake huozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wanakijiji wa Baringo, waliopatwa na balaa hilohilo, walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno ili majaji wajionee.

Haki itendeke pia kwa waliosikiliza. Edmund Barrow, aliyefanya kazi ya misitu Turkana katika miaka ya 1980, alianza na kuuliza miti hii ni ya nani. Makala yake kuhusu ekwar, iliyotoka mwaka 1990, ndiyo iliyoufanya ulimwengu wa wataalamu ujue kwamba msitu wa Turkwel ulikuwa na usimamizi tangu zamani. Kilichotunza miti hiyo zaidi hakikuwa vitalu vya miche. Kilikuwa kuwatambua wazee na haki zao.

Mwaka 1991 Bwawa la Turkwel lilikamilika juu kule kwenye korongo, ukuta wenye urefu wa mita 153 uliojengwa kwa ajili ya umeme. Mafuriko yaliyokuwa yakishuka kila msimu yakawa yanafungwa na kufunguliwa na watu. Mti mkubwa wa ewoi una mizizi mirefu na waweza kuvumilia. Mche hauwezi. Unahitaji tope jipya na maji ya chini yaliyopanda karibu, na hayo huletwa na mafuriko. Ndiyo maana mwenye ekwar leo huonyesha wazee wengi wa miti na watoto wachache.

Mwaka uliofuata, 1992, mambo yaligeuka Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar. Kakuma haina mto wa mwaka mzima. Ina Tarach, laga inayopita maji siku chache na kubaki mchanga miezi mingi. Kingo zake nazo zilikuwa na miti yenye wenyewe. Vijana waliokimbia vita vya Sudan walifikishwa hapo, kambi ikafunguliwa, kisha Wasomali, Wahabeshi, Wakongomani na wengine wakafuata. Pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyoanza mwaka 2016, wakimbizi sasa wamepita 200,000. Kila jiko lataka kuni. Mwanamke mkimbizi aliyetoka kwenda kuokota alijikuta ndani ya ekwar ya mtu bila kujua, na wengi walipigwa au kudhulumiwa vibaya zaidi porini. Kuni za mgao hazikutosha mwezi, kwa hiyo unga wa mgao ulibadilishwa kwa makaa ya mama wa Kiturkana. Huyo mama naye alikuwa akikata miti ambayo mamake aliitikisa maganda.

Siwalaumu hawa wawili. Mmoja alikuwa na chakula bila moto, mwingine moto bila chakula. Lawama iko kwa waliochora ramani ya kambi wasiulize nani ana haki gani kando ya Tarach. Na ni kweli pia kwamba leo kuni nyingi za Kakuma hutokana na mathenge, na kila gogo lake linaloungua ni nafuu kwa ewoi.

Tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, na barabara mpya zilipoanza kukata nyika, thamani ya ardhi Turkana imepanda. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua mlango: jamii yaweza kusajili ardhi yake na kutunga kanuni za kuitumia. Mpaka isajiliwe, ardhi hiyo iko mikononi mwa kaunti kama amana. Hofu yangu ni kwamba ramani zitachorwa zikionyesha mpaka wa nje tu, na ndani yake ukanda wa mto ukaachwa mweupe, kana kwamba hauna mtu. Kwa hiyo wanaoshika kalamu Lodwar na Kakuma, kamati za ardhi, maofisa wa kaunti na mashirika ya kambi, wakae na wazee kando ya Turkwel na Tarach kabla ya kupima. Waandike kila ekwar na familia yake, na vishamba vya mtama viandikwe kwa majina ya wanawake wanaovilima. Kazi hiyo ifanywe sasa, wakati wapo bado wanaoweza kutembea na kuonyesha mipaka.