Nani Aliwaleta Waamuzi Katika Aerobiki?

Mwaka jana, hapa Kigali, nilipewa kazi ya kupanga mitindo ya kundi letu la watu 5 kwa mashindano ya aerobiki kati ya mabweni. Siku ya tatu ya mazoezi tuligombana. Dada mmoja wa kundi hakuweza kupiga pushapu ya mkono mmoja, na wenzetu watatu walitaka abadilishwe. Niliomba siku mbili za kufikiri, nikazitumia maktabani kutafuta asili ya mchezo wenyewe.

Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alichapisha kitabu kiitwacho Aerobics. Alipima nguvu ya moyo na mapafu kwa umbali ambao mtu anaweza kukimbia kwa dakika 12. (Nimejipima pia, umbali wangu sitautaja.) Mwaka 1969 Jacki Sorensen, mcheza dansi aliyekuwa akiishi Puerto Rico na mumewe mwanajeshi, aliombwa kuwaandalia wake wa wanajeshi mazoezi ya televisheni. Alijipima kwa njia ya Cooper akafaulu, ingawa hakuwa mkimbiaji. Alitambua kwamba dansi ndiyo iliyompa pumzi. Basi akapanga mitindo ambayo mama wa nyumbani angeiweza. Hapakuwa na alama wala mshindi.

Waamuzi walikuja baadaye. Miaka ya 1980 mashindano yalianza Marekani, na mwaka 1995 Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki liliandaa ya kwanza ya dunia, jijini Paris. Sasa hutolewa alama za usanii, utekelezaji na ugumu. Wapo wanaosema kwamba hapo aerobiki iliharibika. Mimi sikubali moja kwa moja, kwa sababu kanuni zilibakiza hatua 7 za msingi, kama vile kutembea papo hapo, kuinua goti, kurusha teke na kuruka kwa kupanua miguu. Mchezaji anayerundika mambo magumu bila kuyaunganisha kwa hatua hizo hupoteza alama.

Nilirudi kwenye mpangilio wetu na saa mkononi. Kosa lilikuwa langu: kati ya sekunde 80, karibu nusu tulikuwa sakafuni tukionyesha misuli, muziki ukipita bure. Nikaiondoa ile pushapu, nikaweka hatua za msingi mahali pake, na dada akabaki. Mmoja wa wale watatu hakunisemesha kwa wiki nzima.

Tulikuwa wa tatu kati ya makundi manne.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya barabara bila magari, desturi ya Kigali tangu 2016. Tulikwenda wote watano kuruka na umati. Mbele yetu mama mmoja mzee alikuwa akienda kushoto kila sisi tulipokwenda kulia, na dada yetu akaanza kumfuata yeye badala ya mwalimu.