Sossusvlei

Sossusvlei ni bonde tambarare la udongo mfinyanzi na chumvi katika Jangwa la Namib, nchini Namibia. Limezungukwa na vilima vya mchanga mwekundu ambavyo ni miongoni mwa virefu zaidi duniani. Liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Namib-Naukluft, katika eneo la Bahari ya Mchanga ya Namib lililoandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2013.

*Vlei* ni neno la Kiafrikaans kwa bonde linalotuama maji. *Sossus* hufasiriwa kutoka Kinama kuwa mahali pasipo na njia ya kutokea, na jina linafaa: mto Tsauchab huishia hapa, ukizuiwa na mchanga usifike Bahari ya Atlantiki. Miaka mingi hupita bila maji kufika bondeni.

Mchanga wenyewe uliletwa baharini na mto Orange, ukasukumwa kaskazini na mkondo wa bahari, kisha upepo ukauingiza barani. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, yaani kutu.

== Kutembelea ==
Wageni huingia kwa lango la Sesriem. Kuanzia hapo kuna barabara ya lami ya kilomita 60 hivi. Kilomita 5 za mwisho ni mchanga laini unaopitika kwa magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Kilima namba 45, ambacho wengi hukipanda, kimepewa jina hilo kwa kuwa kiko kilomita 45 kutoka langoni. Hupandwa alfajiri, kwa kufuata ukingo wake wa juu. Wakati wa kiangazi joto laweza kupita nyuzi 40 za selsiasi, na njiani hakuna kivuli wala maji. Anayechelewa kuondoka hujiweka hatarini.

Jirani yake kuna Deadvlei, penye mashina meusi ya migunga iliyokufa yapata miaka 600 hadi 700 iliyopita, baada ya vilima kuufungia mto njia. Wengine husema imegeuka mawe. Sivyo: ni mbao kavu, iliyokosa unyevu wa kuiozesha. Kwa hiyo tawi linalovunjwa na mtu aliyeliegemea apigwe picha halioti tena.

[[Jamii:Jiografia ya Namibia]]