Aliyepitiwa si asiyejua

Mwaka 1996 niliketi katika jopo la kutahini tasnifu ya uzamili. Mtahiniwa alikuwa amezunguka kijiji baada ya kijiji akikusanya data yake. Siku hiyo tulimweka nje kwenye benchi karibu nusu saa, tukimsubiri mwenzetu mmoja aliyechelewa. Alipoingia nikamuuliza swali dogo tu kuhusu sura yake ya tatu. Kimya. Nikalirudia. Akabaki ananitazama, midomo imekauka. Nikaandika katika ripoti: "Haifahamu kazi yake." Jioni tukakutana kwenye ngazi, naye akanijibu swali lile bila kusita, tena na mengine mawili ambayo sikuwa nimeyauliza. Ripoti ilikuwa imeshatiwa sahihi.

Kiswahili kina kitenzi ambacho ningestahili kukikumbuka siku ile: kupitiwa. Husema "samahani, nimepitiwa" tunaposahau jambo tunalolijua fika. Husema pia "alipitiwa na usingizi" mtu anaposinzia. Kitenzi kimoja kinabeba kulegea kwa macho na kuponyoka kwa kumbukumbu. Wanasayansi walihitaji miongo mingi kuyaunganisha mambo hayo mawili, nao walianzia kwenye usingizi.

Mnamo 1917, mjini Vienna, daktari Constantin von Economo aliueleza ugonjwa wa ajabu uliowafanya watu walale siku nyingi. Wengine, kinyume chake, hawakupata lepe la usingizi. Alipozichunguza bongo za waliofariki, aligundua kwamba waliolala mno walikuwa na kidonda katika sehemu moja ya ndani ya ubongo, na waliokesha katika sehemu nyingine iliyo mbele yake. Kumbe kuwa macho kuna mahali pake! Mnamo 1949 Giuseppe Moruzzi, Mwitaliano kutoka Pisa, na mwenyeji wake Horace Magoun walichapisha jaribio walilolifanya Chicago. Walilichochea kwa umeme shina la ubongo la paka aliyetiwa dawa ya usingizi. Mawimbi makubwa ya polepole yakageuka papo hapo kuwa madogo ya haraka, kama ya paka aliye macho. Mwaka 1964 Wasweden wawili, Annica Dahlström na Kjell Fuxe, wakatuchorea ramani ya seli zinazotoa noradrenalini. Nyingi kati ya hizo zimo katika doa dogo la samawati lililo kwenye shina hilohilo. Doa hilo lina seli makumi machache tu ya maelfu, lakini nyuzi zake zinafika karibu kila pembe ya ubongo. Huo ndio mfumo wa mwamko.

Hapa wengi wetu tulioufunza ualimu hukimbilia utafiti wa Yerkes na Dodson wa mwaka 1908, tukisema eti umethibitisha kuwa mtihani unataka hofu ya wastani. Hebu tuusome vizuri. Hao walikuwa panya wadogo waliopigwa umeme ili wajifunze kutofautisha kisanduku cheupe na cheusi. Utafiti ule ulihusu kujifunza. Kukumbuka ulichokwisha kujifunza ni shughuli nyingine.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 1998. Dominique de Quervain, Benno Roozendaal na James McGaugh, huko Irvine, California, waliwafunza panya mahali pa jukwaa lililofichwa ndani ya maji. Kesho yake waliwapiga umeme kidogo miguuni kabla ya kuwajaribu. Waliojaribiwa dakika 2 baada ya umeme walikumbuka. Waliojaribiwa saa 4 baadaye walikumbuka. Waliojaribiwa baada ya dakika 30, wakati homoni ya mfadhaiko imepanda damuni, ndio waliotangatanga. Watafiti walipoizuia homoni hiyo kwa dawa, panya wakaliona jukwaa. Kwa hiyo somo lilikuwemo kichwani muda wote. Njia ya kulifikia ndiyo iliyozibwa. Mwaka 2000 de Quervain na wenzake wakawapa watu miligramu 25 za kotisoni saa moja kabla ya kuwataka wayakumbuke maneno waliyojifunza jana yake. Wakayakumbuka machache. Walipopewa kidonge hichohicho kabla ya kujifunza, hakikuwadhuru.

Makala ile ya 1998 niliisoma miaka mingi baadaye, na nilipofika kwenye dakika 30 niliiweka chini. Benchi. Nusu saa. Ngazi za jioni. Sidai kwamba najua kilichopita katika damu ya binti yule. Panya ni panya, na huenda sababu ilikuwa nyingine. Ila najua nilichoandika, na najua kwamba alirudia kutahiniwa baada ya mwaka mzima, karo juu yake. Alifaulu. Mimi sikuwa kwenye jopo.

Siku hizi ninapoongoza jopo, mtahiniwa haketi nje. Anaingia pamoja nasi, na swali la kwanza huwa jepesi: ulifikaje kijijini, ulipokelewa na nani? Akinyamaza, tunakwenda kunywa chai kwanza. Wenzangu vijana hulalamika kwamba nawapotezea wakati, nami huwaambia wachukue andazi.