Kilichoizaa "a friend of mine"

Mwanafunzi wa Kiingereza akikutana kwa mara ya kwanza na "a friend of mine" huona kuna neno lililozidi. "Of" inatosha kuonyesha umilikaji, na "mine" inatosha pia. Ya nini kuyarundika yote mawili? Jibu la darasani huwa fupi: ndivyo wenyewe wasemavyo, kariri. Jibu hilo humvusha mtahiniwa, lakini linafunika historia yenye mantiki kuliko inavyodhaniwa. Hoja yangu ni kwamba kirai cha kihusishi na kiwakilishi, kinapoifuata nomino, hakikuingia katika Kiingereza kama pambo wala kwa uzembe wa wasemaji. Kiliingia pale ambapo kimilikishi cha kawaida, kile kinachoitangulia nomino, kilishindwa kufanya kazi yake. Kiliposhinda, kirai hicho hakikuhitajika.

Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, umilikaji ulionyeshwa kwa kugeuza mwisho wa nomino ya mwenye mali, na nomino hiyo iliweza kukaa kabla au baada ya kinachomilikiwa. Mwaka 1940 mwanaisimu wa Marekani Charles Fries alichapisha takwimu za mabadiliko yaliyofuata: karibu na mwaka 900 miundo yenye "of" ilikuwa chini ya asilimia 1, na kufikia 1300 ilikuwa imepita asilimia 80. Wengi humpa sifa Mfaransa, kwa kuwa lugha yake ilitumia "de" kwa kazi hiyohiyo na ndiyo iliyokuwa lugha ya watawala. Mchango wake haukataliki, ingawa viambishi vya mwisho vilikuwa vimeshaanza kufifia kabla hajafika. Ila takwimu hizo zinahusu nomino, na viwakilishi havikufuata nyayo hizo. Waingereza hawakuacha "my house" wakahamia "the house of me". Kwa hiyo kuenea kwa "of" peke yake hakutoshi kueleza "a friend of mine". Linalotakiwa kuelezwa ni kwa nini, kwa viwakilishi, kihusishi hicho kilikubalika mahali fulani tu.

Jawabu limo katika nafasi iliyo mbele ya nomino. Zamani nafasi hiyo ilikuwa pana: kionyeshi na kimilikishi viliweza kukaa pamoja bila kugombana. Hata Biblia ya mfalme James ya mwaka 1611, katika mfano wa mwana mpotevu, inaweka "this" na "my" bega kwa bega kabla ya "son". Kwetu sisi hilo si la ajabu, kwa sababu Kiswahili huweka "yangu" baada ya nomino na kuiacha ipokee wenzake, tukasema "yule rafiki yangu mmoja" bila kusita. Mwanafunzi wa Kiafrika anayeandika "this my friend" leo hukatwa kwa kalamu nyekundu. Watafsiri wa 1611 wasingemkata. Lakini polepole Kiingereza kilibana nafasi hiyo, kikaruhusu kibainishi kimoja tu. Ukisema "my", umeshatumia nafasi. Huwezi kuongeza "a", "no", "any" wala "that". Msemaji aliyetaka kumtaja rafiki asiyejulikana bado, na papo hapo aseme kwamba rafiki huyo ni wake, alikosa pa kuuweka umilikaji. Akausogeza nyuma ya nomino, na "of" ikamsaidia kuushikilia huko.

Hapa mpinzani makini ana swali zito. Kama kubanwa kwa nafasi ndiko kulikozaa muundo huu, mbona unaonekana mapema sana? Chaucer alifariki mwaka 1400, na katika hadithi zake za Canterbury mwenye nyumba ya wageni, Harry Bailly, anapolalamika juu ya mkewe, anamtaja jirani yake kwa "any" mbele na "of mine" nyuma. Zaidi ya miaka 200 baadaye "this my" bado ilikuwa hai. Nadhani jibu ni kwamba nafasi haikufungwa siku moja kwa vibainishi vyote. Mfano wa Chaucer ni wa "any", neno la mtu asiye maalumu, na huko ndiko umilikaji ulikokuwa umeanza kusukumwa nyuma. Vionyeshi vilichelewa. Shakespeare anazo njia zote mbili kwa neno lilelile la mkono: katika King John mkono ni "this hand of mine", katika Macbeth ni "this my hand". Mshairi huchagua kinachofaa mizani yake, hilo tulikubali, lakini hawezi kuchagua kati ya viwili kama kimoja hakipo masikioni mwa watazamaji. Na anayeking'ang'ania Kifaransa ajue kwamba Wafaransa wa kale walisema "un mien ami", kimilikishi mbele ya nomino pamoja na "un". Kiingereza kilipita njia nyingine kabisa.

Ushahidi wa pili unatoka kwa kiwakilishi kingine, nao una nguvu zaidi kwa sababu pengo lake linaonekana wazi. Kwa karne nyingi kitu kisicho na jinsi kilimilikiwa kwa "his", neno lilelile la mwanamume. Wasemaji walipoanza kuliona neno hilo halifai kwa mti au meza, hawakuwa na jingine: "its" inaanza kuonekana vitabuni mwishoni mwa karne ya 16 tu. Katika kipindi hicho cha mashaka watu waliegemea "of it", au "thereof". Biblia ya 1611, inapotaja urefu na upana wa vitu, imejaa miundo hiyo. "Its" haimo katika chapa ile ya kwanza, na ile moja iliyomo katika chapa za leo, kwenye Mambo ya Walawi 25:5, iliingizwa baadaye. "Its" ilipokomaa, "of it" ilirudi nyuma, ikabaki katika misemo kama "the end of it". Kirai kilijaza pengo, na pengo lilipozibwa kikapungua.

Wanasarufi walikuja nyuma ya mambo haya yote. Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, katika sarufi yake ya 1762 aliueleza umilikaji maradufu wa aina ya "a soldier of the king's" kuwa na maana ya mmoja wa askari wa mfalme. Watu hupenda kumsingizia Lowth kila ukali wa sarufi ya Kiingereza. Hapa hakukataza chochote. Joseph Priestley, ambaye dunia inamkumbuka zaidi kwa oksijeni, alisogea mbele kidogo: alionyesha kwamba picha "of my friend" na picha "of my friend's" hazina maana moja, kwani ya pili inataja mali. Tofauti hiyo inamjibu anayedai kwamba kuna neno limezidi. "A picture of me" ina sura yangu. "A picture of mine" huenda ni ya mlima, mradi iwe yangu.

Maelezo ya Lowth, hata hivyo, yana tundu. Kama "of mine" ina maana ya mmoja kati ya wengi, "that nose of his" ingemtaka mtu awe na pua kadhaa. Mdenmarki Otto Jespersen aliliona hilo, akakataa kwamba muundo huu ni wa kugawa sehemu kutoka katika jumla. Upande wangu naona pua hiyo inaithibitisha hoja ya nafasi: msemaji anataka "that" ya kejeli pamoja na "his", na mbele ya nomino haviwezi kukaa pamoja. Kipimo cha mwisho ni "the". Kama muundo ungekuwa wa kutia mkazo tu, "the friend of mine" ingekubalika kwa urahisi. Peke yake haikubaliki, kwa kuwa "my friend" tayari ina umaalumu wa "the" ndani yake na hakuna kilichokosa nafasi. Ikiongezwa kishazi, "the friend of mine who called yesterday", inakubalika mara moja: anayetajwa sasa anatambulishwa na simu ya jana, na "my" pekee ingemchukulia kama mtu ambaye msikilizaji anamjua tayari.