Kipimo cha virusi kilichoanza na mistari myeusi ya 1902

Wasee, mnakumbuka Januari 2020? Kabla korona itangazwe Kenya, sampuli ya abiria aliyeshukiwa ilibidi ipandishwe ndege hadi Afrika Kusini ndio ipimwe. Jibu lilikuja hasi, lakini nchi nzima ilikuwa imeshika roho.

Mbona kupima kirusi kulikuwa ngumu hivyo? Kirusi cha korona kina upana wa kama nanomita 100, hadubini ya shule haikioni. Kwa hivyo kwa miaka mingi wanasayansi wamekuwa wakipachika lebo kwa kile wanachotafuta. Miaka ya 1950 huko New York, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walitumia lebo za mionzi. Mwaka 1971 huko Stockholm, Eva Engvall na Peter Perlmann wakatumia kimeng'enya kinachobadilisha rangi. Hata ile laini nyekundu ya kipimo cha haraka, mara nyingi ni vipunje vya dhahabu. Hiyo pia ni lebo. Shida ni kwamba vipimo vingi vya lebo vya maabara vina hatua kibao: changanya, osha, ngoja, osha tena.

Sasa kuna njia ingine, bila lebo. Mwaka 1902 huko Baltimore, Robert Wood alimulika bamba la metali lenye mistari myembamba sana, akaona sehemu za mwanga zimepotea. Hakujua kwa nini. Jibu zuri lilichelewa. Mwaka 1968 Wajerumani Andreas Otto, Erich Kretschmann na Heinz Raether walionyesha kwamba ukipitisha mwanga kwa prizimu yenye metali nyembamba, kuna pembe moja ambapo mwanga haurudi. Elektroni za metali zinaumeza. Na kitu kidogo tu kikishika upande wa pili wa metali, hiyo pembe inahama.

Mwaka 1983 huko Linköping, Uswidi, Bo Liedberg, Claes Nylander na Ingemar Lundström walipaka protini kwa metali, wakaona pembe ikihama protini nyingine zilipokuja kuishika. Hakuna lebo, na unaona ikitendeka papo hapo. Mwaka 1990 mashine ya Biacore ikaingia sokoni.

Hesabu basi: kutoka 1990 hadi 2020 ni miaka 30, na bado tulikuwa tunangoja ndege.

Sababu moja ni ya kisayansi kabisa. Bila lebo, kila kinachonata kinahesabiwa, hata uchafu wa mate na kamasi. Aprili 2020, watafiti wa Zurich walichapisha kihisi cha visiwa vidogo vya dhahabu vinavyopata joto, ili vipande vya RNA visivyo vya korona visishike. Kumbe inawezekana.

Sababu ya pili ni pesa, na hapa ndipo mimi nakasirika. Mashine hizi zilikuwa ghali, zikazoea kukaa kwa maabara za kutengeneza dawa. Kliniki ya mtaani haikuwa kwa hesabu za mtu.

Kwa maoni yangu, hiyo foleni tusiifuate tena. Prizimu, mwanga na dhahabu nyembamba ni fizikia tunayosoma hapa hapa. Wewe unayechagua kozi mwaka huu, hebu fikiria hii. Kirusi kijacho hakitangoja sampuli ipande ndege.

Mnaonaje?